Mtoto akivuka mpaka, avuke na lugha gani?



Jumamosi iliyopita, tulipomaliza kuhesabu makuta ya likelemba, mama mmoja alibaki amekaa. Mume wake amepata kazi Luau, ng'ambo ya mpaka, na anataka familia imfuate mwaka wa masomo ukifungwa. Watoto ni wawili: wa kike yuko darasa la pili, wa kiume yuko la tano. Akatuuliza: "Niende nao wote, ao niwaache kwa nkambo yao?" Hatukutoka pale mpaka giza likaingia. Tumeona neno hili si la mama mmoja tu, ndiyo maana tunalileta kwenu juma hili.

Kwetu Dilolo jambo hili si geni. Wakati wa vita vya Angola, vilivyokwisha mwaka 2002, familia nyingi za Angola zilikimbilia huku kwetu na Kisenge. Watoto walizaliwa hapa, wakasoma kwa Kifaransa. Amani ilipokuja wakarudi kwao, na huko shuleni wakakuta Kireno. Leo wako wa kwetu wanaokwenda upande ule, hasa tangu reli ya kutoka Lobito ilipofunguliwa upya hadi Luau mwaka 2015. Wengine wanashuka Zambia, kwa upande wa Solwezi, na huko ni Kiingereza.

Mmoja wetu alikaa Luena miaka minne. Mtoto wake wa kiume alisoma huko mpaka darasa la nne, tena vizuri. Waliporudi, shule ilimpa mtihani kwa Kifaransa. Hakuandika kitu. Wakamweka darasa la pili, katikati ya watoto wanaomfika begani. Jioni ile shangazi yake akachukua karatasi ileile ya hesabu, akamsomea maswali kwa Kichokwe. Mtoto akajibu karibu yote. Hesabu alikuwa anaijua; swali ndilo hakulielewa. Lakini haya ilikuwa imekwisha kumwingia, na ilichukua muda mrefu kabla hajakubali kwenda shuleni bila kulia. Mama yake alituambia Jumamosi: "Mimi nilihesabu nguo, masufuria na nauli. Lugha sikuihesabu."

Tujue neno hili, mama zetu. Kuna lugha ya kuchezea na kuna lugha ya kusomea. Ile ya kuchezea mtoto anaiokota upesi. Mwaka mmoja, miwili, utamsikia anagombana na wenzake kwa Kireno, nawe utafurahi. Lakini lugha ya kusoma kitabu, kueleza mambo ya sayansi na kuelewa swali la mtihani, hiyo inaomba miaka mitano ao zaidi. Wazazi wengi tunadanganyika hapo. Tunasikia mtoto anaongea, tunafikiri amekwisha kujua.

Basi tulimjibu hivi. Mtoto wa kike wa darasa la pili aende na mama yake. Bado ni mdogo, ana miaka mbele yake ya kujenga Kireno tangu chini. Yule wa darasa la tano, ikiwezekana, abaki kwa nkambo amalize la sita na kufanya mtihani wa mwisho wa masomo ya msingi hapa, apate cheti chake mkononi. Kumhamisha sasa ni kumvunjia ngazi akiwa karibu na juu.

Si wote tuliokubaliana. Mama mmoja alisema mtoto kukaa mbali na mama yake mwaka mzima nako ni jeraha, na si kila nkambo ana nguvu za kumfuata kijana wa miaka kumi na moja. Ana haki. Ndiyo maana tunasema "ikiwezekana". Kama haiwezekani, aende, lakini mama ajue kwamba kuanza darasa moja nyuma huko si aibu, na amweleze mtoto mapema kabla mwalimu hajamshtukiza.

Sasa, kuhusu hizi shule za lugha mbili. Hata Kolwezi na Lubumbashi vibao viko vingi. Kibao si shule. Kabla ya kulipa, ingia kwa direkta uulize:

1. Hesabu na sayansi zinafundishwa kwa lugha gani? Hiyo ndiyo lugha ya kweli ya shule.

2. Lugha ya pili ina saa ngapi kwa juma, na anayeifundisha anaiongea yeye mwenyewe? Saa moja ya nyimbo siku ya Ijumaa haifanyi shule kuwa ya lugha mbili.

3. Mwishoni watoto wanafanya mtihani wa nchi gani? Jiulize wewe pia: mtoto huyu tunataka amalizie masomo wapi? Kama ni kurudi Congo, Kifaransa kisife.

4. Mtoto anayefika bila kujua lugha, mnamsaidia namna gani miezi ya kwanza? Kama jibu ni "atazoea tu", tafuta pengine.

Angalieni pia kalenda. Sisi tunaanza Septemba. Angola nayo sasa inaanza Septemba. Zamani ilikuwa Februari. Zambia inaanza Januari, kwa hiyo anayekwenda huko ao kutoka huko anaweza kupoteza miezi mingi kama hamkupanga. Na karatasi: cheti cha kuzaliwa, buletini zote zenye muhuri, na barua ya shule anayoiacha. Ombeni kabla ya kuondoka. Ukiwa ng'ambo, kufuata muhuri ni nauli na siku.

La mwisho ndilo wengi tunalisahau. Wako mama wanaoacha Kichokwe, Kilunda ao Kiluvale nyumbani ili mtoto ashike Kireno haraka. Msifanye hivyo. Lugha hizi ziko pande zote za mpaka; ndizo zitakazompa rafiki siku ya kwanza. Zambia yenyewe imeweka Kilunda na Kiluvale kati ya lugha saba za kwao zinazofundishwa shuleni. Sheria yetu ya elimu ya mwaka 2014 nayo imezipa lugha za taifa na za mazingira ya mtoto nafasi darasani. Mtoto aliyeelewa kitu vizuri kwa lugha ya nyumbani, kukisema kwa lugha nyingine ni kutafuta maneno tu. Asiyekielewa kwa lugha yoyote ana kazi mara mbili.

Kifaransa nacho kinaweza kuishi ng'ambo kwa nusu saa kila jioni: kitabu kimoja, ukurasa mmoja, mtoto anasoma kwa sauti. Hata mama asiyejua Kifaransa anaweza kukaa karibu na kumsikiliza. Na Kiswahili kibaki cha barua na simu kwa nkambo.

Mama yetu amekata neno: wa kike anakwenda naye, wa kiume anabaki mpaka mtihani wa mwaka kesho, na atavuka kila likizo. Wawili kati yetu wanaokaa jirani na nkambo wameahidi kumtazama na kusaini buletini pamoja naye.

Mwenye vitabu vya Kifaransa vya darasa la pili na la tatu visivyotumika tena, avilete Jumamosi. Vitavuka mpaka pamoja na mtoto.