Thamani ya Bastola Kuukuu

Fikiri bastola mbili za kale, zote za aina iitwayo Lefaucheux, za silinda inayozunguka, kipenyo cha milimita 7. Moja ni nzima. Ya pili imeliwa na kutu, haifai hata kumtishia kunguru. Bastola za namna hiyo zilitengenezwa kwa wingi katika karne ya 19, na iliyo ya kawaida haina bei ya kutajika. Hata hivyo, hizi mbili ziliuzwa mnadani Paris: ile nzima kwa euro 434,500 mwezi Novemba 2016, na ile yenye kutu kwa euro 162,500 mwezi Juni 2019. Yatupasa kuuliza: wanunuzi walilipia nini?

Ile ya kwanza ilinunuliwa Brussels na mshairi Verlaine tarehe 10 Julai 1873. Siku hiyo hiyo alimpiga nayo risasi rafiki yake Rimbaud, naye mshairi, akamjeruhi kifundo cha mkono. Verlaine alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Polisi waliichukua silaha, na namba iliyochongwa juu yake ikaonekana vile vile katika daftari la muuza bunduki. Hapo ubishi ukakoma, na bei ikapanda mara nyingi kupita makadirio.

Ya pili ilifukuliwa na mkulima karibu mwaka 1965, katika shamba la Auvers-sur-Oise, mahali ambapo yasemekana mchoraji Van Gogh alijipiga risasi mwezi Julai 1890. Kipenyo chaafikiana na risasi aliyoieleza daktari, na kutu yake yaonyesha kwamba ilikaa ardhini miaka mingi. Lakini hakuna daftari, hakuna namba. Waliouza wenyewe walikiri kwamba uthibitisho kamili haupo. Mimi, kwa fedha yangu, nisingethubutu. Lakini aliyenunua alikuwa na moyo mkuu kuliko wangu.

Basi, aliyerithi bastola ya mzee asikimbilie msasa wala mafuta ya kung'arisha. Hilo ndilo kosa linaloziumiza familia nyingi za Ulaya na Marekani: kijana mwenye nia njema huisugua silaha ya babu hata ikameremeta, naye mthamini akifika hutikisa kichwa. Rangi ya awali imekwisha, namba imefifia, na hakuna fundi awezaye kuirudisha. Namba za sehemu zote zikipatana, hiyo ni nyongeza kubwa. Barua, stakabadhi ya dukani, picha ya mzee akiwa ameivaa kiunoni, vyote vikae pamoja nayo. Na kama babu yu hai, mketishe leo hii, uandike mwenyewe alivyoipata, mahali na mwaka, naye atie sahihi chini.

Kabla ya hayo yote, mwite anayezijua silaha aifungue na kuhakikisha silinda ni tupu.