Kadi ikikushuhudia wewe



Siku hizi madereva wengi wanafunga kamera ndogo kwenye kioo cha mbele cha gari. Hutumia umeme wa gari, hurekodi barabara muda wote wa safari, na kadi ikijaa hufuta picha za zamani ili irekodi mpya. Ni kinga nzuri. Bodaboda akikuingilia ghafla pale Lisekese, ushahidi unao.

Lakini jiulize: kamera hiyo umeifunga kwa ajili ya nani? Haichagui upande. Itaonyesha pia ulivyopita kwa kasi penye kibao cha 50, na ulivyolipita lori la korosho kwenye kona za kupanda Newala. Ikitokea ajali na mwenye kosa ni wewe, mkono utataka kuichomoa ile kadi. Hapo ndipo imani inapopimwa, kwa kuwa kuna mtu amelala hospitalini, na kuna familia inayotaka kujua ukweli.

Zakayo, katika Luka 19, hakungoja mashahidi. Alisimama mwenyewe, akaahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne.

Basi funga kamera, ndugu yangu. Ila amua leo, kabla ya safari, kwamba kadi utaikabidhi kwa polisi hata ikikuhukumu. Kisha endesha taratibu. Kamera inaitazama barabara. Mungu anamtazama aliyeshika usukani.

Jumapili njema.