Uwanja wa Saruji, Nyuki Wale Nini?

Ndugu wazazi, kuna tabia imeingia katika miji yetu ya Uganda, na lazima isemwe wazi. Mtu akijenga nyumba anang'oa kila mti, anamwaga saruji kutoka getini hadi jikoni, kisha anaita huo ni usafi. Penye nyasi anapiga dawa.

Usafi gani huu? Nje ya mji wa Masaka ni mashamba ya kahawa aina ya robusta. Robusta haizai kwa chavua ya mti wake wenyewe. Lazima iletwe kutoka mti mwingine, na upepo au nyuki. Na maua yake hudumu siku chache tu. Miezi iliyobaki nyuki hutegemea vingine, pamoja na vya majumbani kwetu: mrehani, maboga, mlonge, hata magugu ya kando ya ukuta. Nyuki wa asali ataruka kilomita kadhaa kutafuta chakula. Wale wadogo wasiouma hawafiki mbali, kwao uwanja mtupu ni njaa. Na yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao, tunayemfukuza kwa ufagio, ndiye anayefaa hasa kwa maua ya pasheni, maana nyuki wa asali ni mdogo mno kwa kazi ile.

Halafu mavuno yakipungua tunamlaumu mkulima! Watoto tunawasomesha Suratun-Nahl, na mlangoni tumeweka sumu.

Acheni japo robo ya uwanja iwe udongo. Mrehani msiukate wote, uacheni utoe maua. Dawa, ikibidi, ipigwe jioni nyuki wakisharudi, wala isiguse maua.