Chumvi Ilifanya Kazi Yake, Bado Kipimo na Dawa

Ukishuka kutoka Mtongani kuelekea baharini, kabla hujaifikia mikoko, unakutana na mabwawa ya chumvi ya Kunduchi, Dar es Salaam. Maji ya bahari huingizwa humo, yakaachwa juani hadi yakauke, kisha chumvi hukwanguliwa na kurundikwa. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba chumvi hiyo, kwa kuwa imetoka baharini, ina kila kitu mwili unachohitaji. Sivyo. Madini joto, yaani ayodini, yaliyomo kwenye chumvi ghafi ya bahari ni kidogo mno. Isipoongezewa potasiamu ayodeti kabla ya kufungashwa, haiwezi kuilinda tezi ya shingo ya mtoto wa Kunduchi, wala ya mtoto wa Makete kule milimani.

Ushahidi uko Pemba. Kisiwa kizima kimezungukwa na bahari, miongoni mwa watu wake wamo wavuvi na wakwanguaji wa chumvi, lakini watafiti walipopima wanafunzi mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta karibu theluthi moja wana goita, yaani uvimbe wa tezi. Chumvi yenye madini joto ilikuwa karibu haipo kabisa katika nyumba za kisiwa hicho. Watu waliodhaniwa kuwa salama kwa sababu ya samaki na upepo wa bahari ndio waliokutwa na upungufu.

Tanzania Bara ilikuwa imeanza kazi mapema zaidi. Daktari Michael Latham alichapisha mwaka 1965 taarifa ya goita kule Ukinga, na katika miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba robo ya wanafunzi nchini walikuwa na uvimbe wa tezi. Wilaya zilizoathirika vibaya ziligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, kisha kuanzia miaka ya 1990 ikaja chumvi iliyoongezewa madini hayo. Uchunguzi wa mwaka 2004, uliopima wanafunzi zaidi ya 140,000, ulikuta goita imeshuka hadi takriban asilimia 7, na zaidi ya asilimia 80 ya kaya zinatumia chumvi yenye madini joto. Ni moja ya kazi bora kabisa za afya ya jamii ambazo nchi hii imewahi kufanya, na walioifanya wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Makala hii haikuandikwa ili kurudia sifa hizo. Imeandikwa kwa sababu baada ya ushindi ule, jalada la tezi lilifungwa. Goita ilipopungua shingoni mwa watoto, ilionekana kama ugonjwa wenyewe umekwisha, na mtu mzima anayeumwa tezi leo Kinondoni au Temeke anajikuta katika mfumo wa afya ambao hauna nafasi yake.

Tezi yenyewe ni ndogo, ina umbo la kipepeo, nayo imekaa mbele ya koo chini ya kikoromeo. Homoni zake ndizo zinazoamua moyo upige kwa kasi gani, mwili uchome chakula upesi kiasi gani, hedhi ije lini, utumbo ufanye kazi vipi, akili iwe nyepesi au nzito. Inaweza kuharibika bila kuvimba. Katika ugonjwa wa Hashimoto, kinga ya mwili huishambulia tezi hadi ikashindwa kutoa homoni. Katika ugonjwa wa Graves, kinga hiyohiyo huichochea itoe kupita kiasi. Wanawake huugua mara 5 hadi 10 zaidi ya wanaume, na chumvi nzuri haizuii. Zaidi ya hapo, nchi iliyotoka kwenye upungufu hutakiwa kuwa macho: Zimbabwe na Kivu, mashariki mwa Kongo, ziliona katika miaka ya 1990 wagonjwa wa tezi iliyozidi wakiongezeka baada ya watu waliokaa muda mrefu bila madini joto kuyapata ghafla.

Fikiria maisha ya mama anayekaanga samaki Kunduchi Pwani huku tezi yake imezidi. Joto la jiko na la Desemba analivumilia kila mtu, yeye anashindwa. Jasho halikauki, mikono inatetemeka hata kupokea chenji ni shida, moyo unakwenda mbio akiwa amekaa tu, na usiku halali. Anakula vizuri lakini nguo zinampwaya. Hapo majirani huanza kunong'ona, maana hapa mjini mtu akikonda kila mmoja ana jibu lake tayari. Atapimwa Virusi vya UKIMWI, atapimwa kifua kikuu, ataambiwa ana presha, ataambiwa ana mawazo. Macho yakianza kutoka nje, wengine watamwambia ni jini.

Tezi ikipungua, mateso huwa ya kimyakimya. Mtu ananenepa, na watu wanampongeza kwamba maisha yamemkubali. Kumbe anaamka amechoka kuliko alivyolala, ngozi imekauka, sauti imekuwa nzito, choo kigumu, anasahau alichotumwa, na baridi anaihisi yeye peke yake ndani ya daladala. Hedhi inavurugika, mimba zinaharibika. Ndoa ngapi zimeingia doa na mwanamke akazungushwa kwa waganga, kumbe jibu lilikuwa kwenye kichupa kimoja cha damu?

Kipimo hicho kinaitwa TSH. Ni cha kawaida duniani, na maabara kubwa za jiji hili zinacho. Katika zahanati za mitaa hakipo, na mahali kilipo mgonjwa asiye na bima hutoa fedha mfukoni. Anayekaa Kunduchi anapopewa rufaa ya Hospitali ya Muhimbili, siku yake ya kazi imekwisha: daladala hadi Mwenge, nyingine hadi mjini, foleni, kisha arudi siku nyingine kuchukua majibu. Na ugonjwa huu si wa kupimwa mara moja. Dozi ikianzishwa au kubadilishwa, damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, na wagonjwa wengi huendelea kupimwa maisha yao yote.

Dawa nazo zina masharti ambayo mgonjwa huelezwa kwa haraka, pengine asielezwe kabisa. Levothairoksini, inayoziba pengo la homoni, humezwa kwa maji tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Mwezi wa Ramadhani mgonjwa anatakiwa kupanga na daktari wake kama atameza wakati wa kulala au kabla ya daku. Mjamzito mahitaji yake hupanda kwa takriban robo hadi nusu, na wakati huohuo kliniki inampa vidonge vya FEFO. Madini ya chuma yaliyomo humo yakimezwa pamoja na levothairoksini huizuia isifyonzwe, hivyo zinapaswa kuachana kwa saa 4. Dada anayebugia vyote pamoja asubuhi ili asisahau, kwa nia njema kabisa, anaikosesha mimba yake homoni inayojenga ubongo wa mtoto.

Kwa anayetumia kabimazoli kupunguza tezi iliyozidi, hatari ni nyingine. Dawa hiyo, kwa wagonjwa wachache sana, hushusha chembe nyeupe za damu ghafla, na dalili yake ya kwanza ni homa na koo kuuma. Dar es Salaam mtu akipata homa huenda duka la dawa akanunua mseto. Mgonjwa wa tezi akifanya hivyo anaweza kupoteza maisha. Anatakiwa asimamishe dawa na aende hospitali siku hiyohiyo kupimwa damu. Onyo hili lingeandikwa kwa wino mwekundu kwenye kila daftari la kliniki.

Yako pia matibabu ya madini joto yenye mionzi, ambayo Taasisi ya Saratani Ocean Road huyatoa, na upasuaji. Wengi wanaomaliza njia hizo hubaki wakihitaji kidonge kila siku hadi mwisho wa maisha. Kidonge hicho kinapokosekana dukani kwa wiki kadhaa, mgonjwa hanguki barabarani. Anafifia polepole, na hakuna anayehesabu.

Hapo ndipo hoja ya makala hii ilipo. Afya ya mgonjwa wa tezi imepimwa kwa namba za damu peke yake kwa muda mrefu mno. Wataalamu wa Denmark waliunda dodoso liitwalo ThyPRO linalomuuliza mgonjwa habari za uchovu, wasiwasi, kumbukumbu, macho, ndoa, kazi, na hata anavyojiona kwenye kioo. Maswali hayo ni ya lazima, kwa sababu kati ya wagonjwa 100 wanaotumia levothairoksini, 5 hadi 10 huendelea kuumwa hata pale TSH inaposoma vizuri. Wakiambiwa "majibu yako mazuri, nenda nyumbani", wanaondoka na maumivu yaleyale waliyokuja nayo. Kwa upande mwingine, matibabu kamili yanaweza kurudisha uhai wote: Gail Devers wa Marekani aliumwa Graves, na akiwa katika matibabu madaktari wakafikiria kumkata miguu mwaka 1991, na mwaka uliofuata akashinda mbio za mita 100 za Olimpiki Barcelona.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. TSH, levothairoksini na kabimazoli ziwemo ndani ya kitita cha msingi, si kwenye nyongeza ya wenye uwezo. Hospitali za manispaa zipime TSH zenyewe, vituo vya afya vichukue sampuli na kuipeleka huko, mgonjwa abaki mtaani kwake. Watoto wachanga nao wasisahaulike. Nchi nyingi, tangu miaka ya 1970, huchukua tone la damu kisiginoni mwa kila kichanga kutafuta tezi isiyofanya kazi, kwa sababu mtoto akianza dawa ndani ya wiki za mwanzo hukua na akili timamu. Hapa kwetu huo bado si utaratibu wa taifa, na hospitali kubwa za uzazi za Dar es Salaam zina uwezo wa kuanza.

Wewe msomaji, angalia pakiti ya chumvi jikoni kwako kama imeandikwa kuwa ina madini joto, hata kama mabwawa ya Kunduchi unayaona dirishani. Na kama moyo unakwenda mbio bila sababu, au uchovu hauondoki, au umejifungua mwaka huu na hujarudia hali yako ya kawaida, mwombe daktari akupime TSH, umtajie kwa jina.