Kamba wa Mitoni Watafutwe Kabla ya Kibali: Barua ya Wazi kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC)

Tathmini ya dunia nzima iliyochapishwa mwaka 2015 ilipitia spishi 763 za kamba wa maji baridi na kukuta kuwa zaidi ya robo, takriban asilimia 28, zimo hatarini kutoweka. Hesabu hiyo inawahusu wenye majina tu. Spishi ambayo haijaelezwa kisayansi haimo katika orodha yoyote, na mto wake ukizibwa hakuna karatasi inayoonyesha hasara.

Kamba mpya si lazima atoke pasipofikika. Huenda amekuwa akiingia kwenye migono ya wavuvi kwa vizazi, akauzwa fungu moja na wanaofanana naye. Tofauti zenyewe ni ndogo: mpangilio wa meno kwenye pembe ya kichwani, urefu wa pingili za jozi ya pili ya miguu, ile yenye magando makubwa, na ukubwa wa mayai. Katika jenasi ya Macrobrachium, yenye spishi zaidi ya 200, hata madume ya spishi moja huweza kutofautiana magando kadiri wanavyokua, hivyo mwenye haraka huona spishi tatu palipo na moja, au moja palipo na tatu. Ndiyo maana wataalamu hulinganisha vielelezo vya makumbusho, hupima vinasaba, kisha huchapisha maelezo na kuhifadhi kielelezo cha msingi ambacho jina hufungamana nacho.

Spishi nyingi za jenasi hiyo huishi mtoni, lakini lava zao hukulia kwenye maji yenye chumvi kiasi. Jike hubeba mayai chini ya tumbo. Lava huchukuliwa na mkondo hadi karibu na bahari, na wachanga hurudi wakiupanda mto. Ukuta wa bwawa huikata safari hiyo kwenda na kurudi. Zipo pia spishi zinazotaga mayai machache makubwa na kumaliza maisha yote katika maji baridi. Hizi huweza kujifungia kwenye kijito kimoja, na mradi mmoja unatosha kuzimaliza. Kamba aitwaye Syncaris pasadenae wa California aliishi katika mito ya eneo la Los Angeles. Jiji lilipopanuka na mito kugeuzwa mifereji, akatoweka.

Tanzania ina somo lake, ingawa si la kamba. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 ulikuwa umeshaanza kujengwa. Makazi yake yote yalikuwa hekta chache za majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalipungua mno. Vikafungwa vinyunyizio, mamia ya vyura wakapelekwa Marekani kufugwa, ugonjwa wa ukungu nao ukawakumba waliobaki, na mwaka 2009 spishi ikatangazwa kutoweka porini. Kazi ya kuwarudisha ilianza mwaka 2012. Yote hayo yalilipiwa kwa sababu uchunguzi ulikuja baada ya uamuzi. Na chura yule angalau ana rangi ya dhahabu inayovutia wafadhili. Kamba mwenye rangi ya maji hana mtetezi wa namna hiyo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imelipa Baraza jukumu la kupitia tathmini za athari kwa mazingira. Orodha ya samaki peke yake haitoshi kuuelezea mto. Hadidu za rejea za kila tathmini ya bwawa au mchepuko wa maji zidai utafutaji wa kamba juu na chini ya eneo la ujenzi, kiangazi na masika, na usiku pia, maana wengi wao hutoka mafichoni gizani. Wavuvi wa hapo waulizwe na walipwe kwa muda wao. Vielelezo vihifadhiwe kwenye spiriti na kukabidhiwa makumbusho nchini, visibaki kwenye kabati la mshauri mwelekezi. Mahali patakapopatikana kamba asiyelingana na maelezo yaliyopo, kibali kisubiri hadi atambuliwe na eneo lake lijulikane.