Upekuzi wa abiria uwe na mipaka

Wahenga walinena kwamba tahadhari kabla ya hatari, nami si miongoni mwa wanaonung'unika wanapoamriwa kuvua viatu na mshipi kabla ya kuabiri ndege. Nchi hii imekwisha kuonja machungu ya ugaidi. Mnamo Agosti 7, 1998, zaidi ya watu 200 waliangamia ubalozi wa Marekani jijini Nairobi uliposhambuliwa kwa bomu. Mwaka wa 2002, makombora mawili yalirushiwa ndege ya Israeli iliyokuwa ikipaa kutoka Mombasa, ingawa yaliikosa.

Hata hivyo, jambo lililonifika safarini si muda mrefu uliopita limeninyima utulivu. Katika kiwanja kimoja cha ndege, mkoba wangu ulipita kwenye mtambo wa kumulika bila kasoro yoyote. Mlinzi aliufungua vivyo hivyo, akatoa bahasha yenye barua za jamaa zangu kuhusu urithi wa shamba la marehemu baba, akaanza kuzisoma moja baada ya nyingine. Nilipomuuliza alichokuwa akitafuta, alinijibu: "Kwani wewe unaficha nini?" Nilinyamaza, maana ndege haimngoji mtu.

Swali hilo limeigeuza sheria miguu juu, kichwa chini. Anayepaswa kutoa sababu ni mpekuzi, wala si anayepekuliwa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtu dhidi ya kupekuliwa mwili, makao au mali yake, na dhidi ya mambo ya familia yake kufichuliwa pasipo sababu. Ni kweli kwamba haki hiyo yaweza kuwekewa mipaka. Lakini Kifungu cha 24 chataka mipaka hiyo iwekwe kwa sheria, iwe na lengo la maana, na pasiwe na njia nyingine isiyoibana haki kiasi hicho.

Wamarekani wamelitafakari suala hili kwa miaka mingi. Marekebisho ya Nne ya katiba yao, yaliyoidhinishwa mwaka wa 1791, yanapiga marufuku upekuzi usio na sababu za kuridhisha. Utekaji nyara wa ndege ulipokithiri, abiria wote walianza kupekuliwa mwaka wa 1973. Mwaka huo huo mahakama moja ya rufaa iliamua kwamba upekuzi huo ni halali bila kibali cha hakimu, mradi tu ulenge silaha na vilipuzi, usizidi kiasi kinachohitajika kuvigundua, na abiria awe huru kukataa na kuacha safari.

Mazoea yana taabu, lakini. Mwaka wa 2007, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, mahakama iyo hiyo iliamua kwamba abiria akishaanza kukaguliwa hawezi tena kubadili nia na kuondoka. Kisha ikaja mitambo iliyoonyesha maumbile ya mtu chini ya nguo zake. Mingine iliondolewa mwaka wa 2013, baada ya umma kulalamika na Bunge kuingilia kati.

Funzo kwetu ni wazi: haki haiporwi kwa siku moja, humegwa kidogo kidogo huku kila mmoja akiwahi ndege yake. Tena, yale makombora ya 2002 yalirushwa kutoka nje ya kiwanja. Hakuna barua ya abiria ambayo kusomwa kwake kungeyazuia.

Kwa hivyo, wahusika na watundike mabango yanayoeleza kinachotafutwa. Mtambo ukiridhika, mlinzi naye aridhike. Karatasi zisisomwe, na kila mlinzi avae jina lake ili anayedhulumiwa ajue wa kumshtaki.

Mlinzi atafute bomu kwa bidii zote, nami nitamshukuru. Ya shamba la baba aniachie mimi na ndugu zangu.