Rubani Mwenye Viwanda

Jina Tata, msomaji wangu, bila shaka umeliona kwenye malori barabarani. Lakini je, wamjua Jehangir, aliyeitwa J.R.D.? Alizaliwa Paris mwaka 1904. Babake alikuwa Mparsi wa ukoo wa matajiri wa Bombay, mamake Mfaransa. Viwanda vya ukoo huo, vya chuma, kemikali na malori, aliviongoza tangu 1938 hadi 1991.

Moyo wake lakini ulikuwa angani. Mwaka 1929 alipata leseni ya rubani, nambari 1 nchini India. Oktoba 15, 1932 alirusha mwenyewe kindege cha barua kutoka Karachi hadi Bombay, na hapo ndipo ilipoanzia Air India, iliyofika Nairobi mwaka 1950. Hata chai ya abiria aliikagua, na isipompendeza huandika malalamiko.

Mwaka 1953 serikali ikaitaifisha. Wewe ungesusa, sivyo? Yeye alikubali kuwa mwenyekiti wa kilichokuwa chake, mpaka serikali nyingine ikamwondoa mwaka 1978. Shirika lilirudishiwa akina Tata Januari 2022, miaka 28 baada ya mzee kuzikwa Paris.